Kinaya cha Kuanza Upya Uzeeni: Uhusika wa Dwight Manfredi katika Tamthilia ya Tulsa King

Tamthilia ya televisheni ya Tulsa King ilianza kuonyeshwa Novemba 2022 kupitia huduma ya Paramount+. Mbunifu wake ni Taylor Sheridan, na msimu wa kwanza ulisimamiwa na Terence Winter, ambaye awali alikuwa miongoni mwa waandishi wa The Sopranos. Mhusika mkuu, Dwight Manfredi, ni mzee wa miaka 75, na anaigizwa na Sylvester Stallone, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 76. Makala haya yanafafanua jinsi kinaya kinavyoibua kicheko na huzuni kwa pamoja katika uhusika wake.

Kinaya cha kwanza kimo katika msingi wa msuko. Manfredi ametumikia kifungo cha miaka 25 bila kuwataja wakubwa wa genge lake la New York. Anapoachiliwa hutarajia kutunukiwa. Badala yake anapelekwa Tulsa, jimboni Oklahoma, mji ambako genge halina biashara wala jina. Fadhila za punda ni mateke. Kinachoitwa fursa mpya ni uhamisho wa mtu ambaye nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na vijana.

Kinaya cha pili kinahusu wakati. Manfredi aliingia gerezani kabla ya simu janja, na anatoka akiwa na adabu, mavazi na lugha ya zama zilizopita. Hata hivyo, vichekesho havimdhalilishi mzee. Mwanamke anayekutana naye baani, Stacy, anamwacha mara anapoujua umri wake halisi. Baadaye inabainika kwamba yeye ni afisa wa shirikisho anayepambana na uhalifu. Mtazamaji anacheka, lakini anatambua kuwa miaka iliyopotea gerezani haikuacha kuhesabiwa.

Kinaya cha tatu, ambacho ndicho kizito zaidi, kinatokana na sheria. Mwaka 2018 wapiga kura wa Oklahoma waliidhinisha bangi ya matibabu, ilhali sheria ya shirikisho iliendelea kuipiga marufuku. Kwa hiyo benki nyingi zilisita kuwahudumia wafanyabiashara wa bangi, na fedha taslimu zikarundikana madukani. Manfredi anauona mwanya huo siku yake ya kwanza mjini: anaingia katika duka la Bodhi na kumlazimisha alipie ulinzi. Mbinu ya kale ya kihuni inapata makazi ndani ya biashara halali. Hapa tamthilia inadokeza kwamba mhalifu huyu haanzi upya kwa kuwa amebadilika. Anaanza upya kwa kuwa dunia imebadilika nusu tu, na nusu iliyobaki inamhitaji.

Hata hivyo, Manfredi si katili mtupu. Tyson, dereva wa teksi aliyempokea, na Mitch, mwenye baa aliyewahi kufungwa, wanageuka kuwa jamaa yake mpya. Anawalea kwa ukarimu na ushauri ambao Tina, binti yake wa kumzaa, hakuupata. Ukimya uliomfanya aheshimiwe na wahalifu ndio uliomnyima malezi mtoto wake. Fedha za Tulsa zinaweza kununua baa na magari, lakini haziwezi kuurudisha utoto wa Tina.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza Manfredi anakamatwa tena, akidaiwa kumhonga Stacy. Tukio hilo linakamilisha hoja ya msuko: uaminifu wa genge ulimgharimu miaka 25, nao uaminifu aliouweka kwa mtu nje ya genge haukumwokoa. Kuanza upya, kama tamthilia inavyokuchora, si kufutiwa deni la zamani bali ni kulibeba hadi mji mwingine. Ndiyo maana kicheko chake hakimwachi mtazamaji akiwa na wepesi, na mzee huyu anastahili kuchambuliwa kama mhusika wa tanzia aliyevishwa mavazi ya futuhi.