Bwana Kirilo Japhet na Ardhi ya Wameru

Ndugu wanachama, sisi wakulima wa karafuu twajua kwamba aliyenyang'anywa shamba amenyang'anywa chakula cha watoto wake. Basi na tumkumbuke Bwana Kirilo Japhet, Mmeru wa Arusha.

Mwezi wa Novemba 1951, Serikali ya Kiingereza iliwatoa kwa nguvu Wameru kiasi cha 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba 13 ya kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Bwana Kirilo New York, pamoja na wakili wao, Bwana Earle Seaton wa Bermuda. Huko alieleza dhuluma hiyo mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Hakuna Mtanganyika aliyepata kufanya hivyo kabla yake.

Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura. Lakini njia ilikwisha funguka: mwaka 1955 Bwana Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini, na mwaka 1961 Tanganyika ikawa huru.

Sisi twaona funzo moja. Bwana Kirilo alikuwa na ulimi, lakini nauli ilitoka mifukoni mwa wenzake. Mwanachama aonaye ada yetu kuwa mzigo, na akumbuke hayo. Haba na haba hujaza kibaba.