Haki ya Mfanyakazi Avukaye Bahari

Leo tunamtaja kwa heshima Profesa Issa Shivji, aliyefundisha sheria Mlimani, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka 30. Yeye ni wakili wa Mahakama Kuu ya Tanzania tangu 1977, na wa Mahakama Kuu ya Zanzibar tangu 1989. Kitabu chake cha 1986 kilichambua jinsi sheria na dola zilivyomkabili mfanyakazi wa nchi hii tangu enzi za ukoloni.

Wakili huyo alizijua sheria za pande zote mbili. Je, kijana wa visiwani aendaye kutafuta riziki Temeke au Kinondoni anazijua? Mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira ya 2005. Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Huko Bara, mwajiri hutakiwa athibitishe kuwa alimwachisha mtu kazi kwa sababu halali na utaratibu wa haki. Lakini aliyeachishwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hupitwa na siku hizo wakingoja huruma ya tajiri.

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Tunawaomba wakuu wa serikali wazibandike haki hizi bandarini na katika ofisi za mitaa, kwa maneno mepesi. Haki isiyojulikana kwa mwenyewe haimlindi.