Gesti ya Owino: Angalia mlango kabla ya kitanda

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MFANYABIASHARA anaposhuka basi Kampala alfajiri, baada ya kukesha njiani kutoka Nairobi kupitia Busia au Malaba, kitu cha kwanza anachotamani ni kitanda. Hapo ndipo makosa huanzia. Wachukuzi wanakuzunguka kabla mguu haujagusa ardhi, na kila mmoja anayo gesti ya ndugu yake, bei nafuu, hapo nyuma ya soko. Umechoka, huna mwenyeji, unamfuata wa kwanza.

Nami nilimfuata, miaka ile nilipokuwa nikichukua mashati Owino kwenda kuyauza Kisumu. Chumba kilikuwa ghorofa ya nne na bei yake ilinifurahisha sana. Jioni niliporudi na gunia langu, dada wa mapokezi alinionea huruma. "Ngazi ni nyembamba, mzee. Liache hapa chini, hapapotei kitu."

Asubuhi gunia lilikuwa palepale, limefungwa vizuri kuliko nilivyolifunga, lakini jepesi. Dada yule alikuwa amemaliza zamu. Aliyempokea akaniomba karatasi ya kuonyesha niliacha nini. Sikuwa na karatasi. Nilirudi nyumbani na nusu ya mali na somo zima: mali bila daftari huisha bila habari.

Anayekuja Kampala peke yake hana wa kumwambia, "Niangalizie mzigo nikaoge." Gesti ndiyo mwenzake wa safari. Kwa hiyo usiichague kwa ulaini wa godoro. Ichague kwa swali moja: mtaji wangu utalala wapi?

Ijue Owino kwanza

Jina rasmi la Owino ni soko la St. Balikuddembe, na limekuwapo tangu mwaka 1971. Liko bondeni, jirani na uwanja wa Nakivubo na vituo vikuu vya matatu, ambazo Waganda huziita teksi. Ukitaka gari la peke yako, sema "spesheli". Nguo za mitumba, ambazo wenyeji huziita mivumba, ndizo zimelipa soko hili sifa. Karibu yake ni Kikuubo, uchochoro wa bidhaa za jumla, na Kisekka, wanakouza vipuri vya magari.

Gesti, au loji kama zinavyoitwa huko, zimejaa pande zote. Zile zilizobanana na soko na vituo vya magari zina faida moja kubwa: unabeba mzigo hatua chache tu. Hasara yake ni kelele za wapiga debe na muziki wa baa, na msongamano ambamo mtu anaweza kuingia ndani bila kuulizwa anamtafuta nani. Kisenyi, upande wa pili wa soko, kuna mabasi na Waswahili wengi, hivyo mgeni hapotei kwa lugha. Ukipanda kidogo kuelekea Old Kampala, Mengo au mlima wa Namirembe, unapata utulivu, ila utalipa boda boda kwenda na kurudi.

Jambo jingine ni mvua. Mfereji wa Nakivubo hufurika, na barabara za bondeni hugeuka mito. Ukija wakati wa masika usikubali chumba cha chini upande huo, hata kama ni cha bure. Mitumba iliyolowa haina mnunuzi.

Piga hesabu yote

Tuseme chumba cha bondeni ni shilingi 20,000 za Uganda na cha mlimani ni 35,000. Wengi wataona wameokoa 15,000. Lakini kama cha bondeni hakina kufuli la maana, utalazimika kuacha mzigo stoo kwa malipo, au kukaa nao chumbani mchana kutwa badala ya kuzunguka sokoni ukilinganisha bei. Siku moja iliyopotea ni ghali kuliko 15,000. Kwa upande mwingine, kama umekuja kuangalia bei tu na mkononi huna mzigo, cha bondeni chaweza kukufaa kabisa. Mwenye gunia na asiye na gunia hawatafuti chumba kimoja.

Uliza pia siku yao inahesabiwaje. Aliyefika saa kumi na moja alfajiri anaweza kudaiwa usiku mzima uliokwisha, kisha adaiwe tena jioni. Mapatano hufanywa kabla ya kushusha mzigo.

Kagua kabla ya kulipa

Omba kuona chumba chenyewe, si cha mfano. Funga mlango kwa ndani na uusukume. Kama kuna tundu la kufuli, tumia kufuli lako ulilotoka nalo nyumbani. Tazama dirisha kama lina nondo, kisha tazama kama kuna njia ya pili ya kutokea jengoni. Hili la pili wengi hulipuuza. Owino iliungua mwaka 2009 na tena mwaka 2011, na majengo ya mtaa ule yamejaa nguo na makaratasi kuanzia ngazi hadi paa. Penye mlango mmoja tu, wenye geti linalofungwa usiku, uliza mwenye ufunguo analala wapi.

Angalia chandarua, maana malaria haijaisha Kampala. Fungua bomba uone kama maji yanatoka.

Mapokezi watakuandika kitabuni na kuomba kitambulisho. Waonyeshe, wanakili, wakurudishie papo hapo. Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, Mtanzania kwa pasipoti au hati ya muda. Ukiiacha hati hiyo kama dhamana ya chumba, umewapa wengine ruhusa yako ya kurudi nyumbani. Dai risiti ya chumba, na ukiacha mzigo dai karatasi yenye idadi, tarehe na sahihi.

Fedha usizitaje mapokezi wala kwa mwendesha boda boda. Zigawe sehemu mbili au tatu, na usihesabu mbele ya dirisha lililo wazi.

Kwa mliorudi kutoka mbali

Wapo wasomaji wetu wanaotua Entebbe kutoka Arabuni, wakalala Kampala usiku mmoja kabla ya kupanda basi la kwao. Nyinyi mna akiba ya miaka ndani ya begi moja. Entebbe iko kilomita 40 hivi kutoka mjini, na ndege nyingine hutua usiku. Ni heri ulale Entebbe uingie Kampala kumekucha, kuliko kutafuta gesti karibu na Owino saa sita za usiku ukiburuta masanduku yenye karatasi za uwanja wa ndege. Karatasi hizo zibandue kabla hujatoka uwanjani.

Ukipata gesti nzuri, andika jina lake na la mtu wa zamu. Safari ijayo mchukuzi akikukimbilia na gesti ya ndugu yake, utamjibu kwa Kiganda, "Webale, ssebo," asante bwana, na utaendelea na njia yako.