Kazi Yako, Jina la Mwenye Duka

Saa nne usiku simu inalia: jina la shangazi ya marehemu limesahaulika kwenye programu ya mazishi, na gari linaondoka kwenda Siaya alfajiri. Kijana aliyekwisha kuzima kompyuta anaiwasha upya. Nilikuwa kijana huyo kwa miaka miwili, katika duka la usanifu na uchapishaji mtaani Jericho, Nairobi, kabla sijaanza kuandika habari za biashara.

Jericho ulijengwa na Baraza la Jiji ili watu wapate makao. Biashara ya usanifu imejibanza kwenye vibanda vya mabati vilivyoegemezwa kwenye nyumba za mtaa: kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha fulana, mabango yaliyokunjwa pembeni. Mwenye duka huwa jirani, rafiki ya kaka yako, au mtu mnayeimba naye kwaya moja. Mama akilazwa, pesa huingia kwenye M-Pesa kabla hujaomba. Stima ikipotea, mnanunuliwa chapati mkaisubiri pamoja. Lakini mshahara ukichelewa wiki tatu, ukiuliza unaonekana huna shukrani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Vibandani watu hulipwa kwa kipande, na hakuna anayeweka hesabu ya siku.

Hata hivyo, jeraha lililonikaa zaidi halikuwa la mshahara. Nilichora nembo ya kinyozi mmoja kwa usiku mbili, ikapendwa, ikabandikwa mpaka kwenye makoti ya wanyoaji. Nilipoondoka, mwenye duka alinitaka nifute kila kitu kwenye flashi yangu. Nikaenda kutafuta kazi Industrial Area mikono mitupu. Msanifu bila sampuli ni kama fundi asiye na kiti hata kimoja cha kuonyesha.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyofanywa katika ajira huwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Nusu hiyo kila mwenye duka anaijua. Nusu ya pili haitajwi: haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe uliyeibuni hubaki kwako.

Wachoraji wa matatu walilielewa hili mapema. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa 2004, zilileta mstari wa manjano na kufuta michoro yao barabarani. Michoro iliporudi, wengi walirudi na sahihi zao ubavuni mwa gari, na kila safari ya Barabara ya Jogoo ikawatafutia wateja.

Dukani kwetu, kinyume chake, mteja alizungumza na mwenye duka tu. “Anataka rangi ichangamke,” naletewa ujumbe. Ichangamke vipi? Nabadilisha, nachapisha, inarudishwa; mara nne, wino na karatasi vikiteketea kwa hasara ya mwenye duka. Siku moja mteja alikosa pa kukaa nje, akaketi kando yangu. Alikuwa akitaka kijani cha majani ya chai ya kwao. Dakika kumi tukamaliza.

Nafahamu hofu ya mwenye duka: akikutanisha mfanyakazi na mteja, wataondoka wote wawili. Hutokea. Lakini kumficha mfanyakazi hakumzuii kuondoka. Humfanya tu aondoke kimya, katikati ya msimu wa kampeni, bango likiwa nusu.

Kuna duka moja mtaani ambako daftari la oda lina safu ya jina la msanifu. Wiki iliyopita aliingia mama akiulizia “yule msichana wa kadi ya harusi ya Akinyi.” Mwenye duka akafungua daftari, akaita jina, akavuta stuli.