Vitamini D si mbadala wa dawa ya pumu
Baadhi ya wagonjwa wa pumu hununua vidonge vya vitamini D wakitumaini kupunguza mashambulizi ya ugonjwa huo. Tumaini hilo lina chanzo: mwaka 2016 mapitio ya tafiti ya taasisi ya Cochrane yalionesha kuwa vitamini hiyo huenda ikapunguza mashambulizi makali. Hata hivyo, mapitio mapya ya mwaka 2023, yaliyojumuisha tafiti 20, hayakuona nafuu hiyo kwa watoto wala watu wazima. Wenye upungufu mkubwa wa vitamini D walikuwa wachache katika tafiti hizo, hivyo kwao swali bado liko wazi. Dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotuliza uvimbe wa njia za hewa, itumiwe kama daktari alivyoelekeza, hata kifua kikiwa shwari.