Sura ya Nne: Watoto Wasiofika Kwenye Daftari

Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori lililalia basi la abiria na watu zaidi ya 40 wakafariki. Nchi nzima ilisikia. Mtoto wa darasa la tatu anayegongwa na pikipiki akivuka kwenda shule pale Uyole, au kijana anayeteleza kutoka juu ya mparachichi huko Tukuyu, hasikiki nje ya mtaa wake. Anayetaka kujua ni watoto wangapi huumia vibaya kichwani katika Nyanda za Juu Kusini aanze na hawa wa mmoja mmoja.

Ubaya wa jeraha hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Muuguzi humwita mtoto jina. Asipofumbua macho, humbonyeza ukucha kwa kalamu. Husikiliza kama anajibu maneno yanayoeleweka, anaguna tu, au yuko kimya. Huangalia kama mkono unayakwepa maumivu, unajikunja, au hautikisiki. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Mwenye fahamu zote hupata 15, asiyeitikia chochote hupata 3, na kuanzia 8 kushuka ni jeraha baya. Kwa mtoto asiyejua kusema, huangaliwa kilio chake na kama anabembelezeka.

Mapitio ya tafiti za nchi nyingi, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta kwamba sehemu nyingi watoto 47 hadi 280 kati ya kila 100,000 huumia ubongo kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya majeraha hayo ni mepesi. Kwa shule ya wanafunzi 1,000, hiyo ni kama mmoja kila miaka miwili hadi karibu watatu kila mwaka. Mwalimu mkuu anaweza kukaa miaka mingi bila kumwona aliyezimia kabisa, akadhani tatizo halipo. Lakini daftari la hospitali humwandika aliyefika. Aliyefia barabarani kabla usafiri haujapatikana hamo. Aliyekandwa nundu kwa maji ya moto nyumbani akaambiwa alale naye hamo.

Wanaoumia zaidi ni wa umri wa aina mbili: wadogo wa hadi miaka miwili na vijana wa miaka 15 hadi 18. Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake, kwa hiyo akianguka kitandani, au kutoka mgongoni kwa dada yake wa miaka saba aliyeachiwa kumlea, kichwa ndicho hutangulia. Kijana huumizwa na mwendo. Hupanda bodaboda mishikaki, watatu au wanne, na mara nyingi helmeti ni moja tu, ya dereva. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kwa mwendesha pikipiki, helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kati ya umri huo na huo kuna barabara. Barabara kuu ya Zambia hupanda Kitonga, hupita Ilula penye wauza nyanya na vitunguu, hushuka Ipogolo chini ya mji wa Iringa, kisha Mafinga hadi Uyole, Mwanjelwa, Iyunga na Mbalizi. Malori ya Tunduma na watoto wenye sare huitumia saa ileile ya asubuhi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29.

Jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua ni hili. Fuvu likipasuka juu ya sikio, linaweza kukata mshipa wa damu unaopita chini yake. Mtoto huzimia kidogo, huzinduka, hujifuta vumbi, pengine huomba chai. Watu hushukuru Mungu. Ndani, damu inavilia kati ya fuvu na utando wa ubongo, na fuvu halitanuki. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma sana, anatapika tena na tena, anasinzia na kuamka kwa shida, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Hapo hakuna kusubiri kuche. Akitobolewa fuvu mapema na damu ikatolewa, anaweza kurudi mzima kabisa. Ndiyo maana umbali huua: kutoka kijiji cha milimani hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni safari, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Wapo pia wanaopona jeraha wakabaki na madhara yasiyoonekana. Mtoto aliyekuwa mwepesi darasani sasa anasahau, ana hasira za ghafla, hawezi kutulia. Huitwa mtundu, huchapwa, na inaniuma kwamba mara nyingi hakuna anayemwambia mwalimu kuwa mwaka jana alilazwa.

Sasa sehemu ya barabara kuu hiyo inayopita Mbeya, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, inapanuliwa kuwa njia nne. Mtoto wa Nzovwe atakuwa na lami pana zaidi ya kuvuka, na magari yatakuwa na nafasi ya kukimbia zaidi. Lakini kumlinda kunawezekana: Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu kuzunguka shule za msingi, na pengine kuhamishia geti la shule upande wenye magari machache. Utafiti uliofuatilia shule hizo ulikuta majeruhi wamepungua kwa takriban robo.