Kuhuisha Trekta Kongwe

Mwanadamu huweka mapenzi yake katika vitu vingi alivyovitengeneza kwa akili na mikono yake, na miongoni mwa mapenzi hayo yako ya chuma kilichochakaa: mtu hutwaa chombo ambacho wengine wamekwisha kukikatia tamaa, akakifungua kiungo baada ya kiungo, akakisafisha, akatafuta kilichopungua na kukirudisha mahali pake, hata chombo kikanguruma tena na kuifanya kazi iliyokusudiwa siku kilipotoka kiwandani. Katika nchi za Ulaya na Marekani shauku hii imeenea katika matrekta makongwe, na aghalabu katika yale madogo ya bustani, na wako watu wazima, wenye kazi zao na aila zao, ambao wasaa wao wote wa mapumziko huupitisha chini ya banda wakiwa na spana na kopo la grisi. Nia yangu ni kuieleza shauku hiyo kwa wasomaji ambao labda hawajaisikia, na kuonyesha kuwa mtu aliyeko Misigiri, mbali na hao wote, hakosi chuma cha kuanzia wala sababu ya kuanza.

Misigiri ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, kwenye njia kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza, mahali inapochepuka njia ya Kiomboi. Na msafiri anayeelekea magharibi, akiisha kuupita mji huo, huteremka mlima wa Sekenke kuielekea Shelui na mbuga ya Wembere. Mashine si ngeni katika nchi hiyo, kwani Sekenke palikuwa na mgodi wa dhahabu tangu zama za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika katika sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati vita vilipokuwa vimeifunga pwani. Lakini utajiri wa leo wa Iramba uko juu ya ardhi, si chini yake: alizeti, mtama, uwele, mahindi na vitunguu, mazao yanayotegemea mvua ya msimu mmoja tu, ianzayo Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mkulima wa nchi ya mvua moja hana msimu wa pili wa kusahihishia ajizi ya msimu wa kwanza, na trekta linalogoma wakati ardhi imelowana humpotezea mwenyewe mwaka mzima. Hii ndiyo sababu ya mimi kuamini kwamba elimu ya kuhuisha trekta, ambayo kwingine ni burudani, hapa ni burudani na riziki kwa pamoja.

Trekta dogo la bustani, katika asili yake, ni mtoto wa miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipojenga nyumba nje ya miji yao, kila moja na uwanja wake wa majani na kipande cha ardhi ya mboga, wakahitaji chombo kikubwa kuliko mashine ya kukatia majani na kidogo kuliko trekta la shamba. Kampuni ya Wheel Horse ilianza mwaka 1946 huko Indiana. Mwaka 1961 International Harvester wakatoa Cub Cadet yenye injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7. Na mwaka 1963 John Deere wakafuata na trekta lao la namba 110. Vyombo hivyo viliundwa kwa chuma kizito na gia za kweli, kwa injini ya silinda moja ambayo mtu mwenye subira aweza kuifungua yote juu ya meza, na ndiyo maana vingi viko hai hata leo. Wanaovipenda hawaviweki kuwa mapambo tu: huvikatia majani, huvisukumia theluji na kuvilimia bustani, na wengi wao hushikilia kuwa trekta lisilotumika halijahuishwa, limepakwa rangi tu. Nami naafikiana nao kabisa.

Nani basi ndugu wa trekta hilo katika nchi yetu? Yuko mmoja ambaye kila mkulima wa makamo anamjua kwa sura na kwa sauti, naye ni Massey Ferguson 135. Trekta hilo liliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1964 hata 1975, likiwa na injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, ujazo wa lita 2.5 na nguvu za farasi zipatazo 45. Nasaba yake inakwenda kwa Harry Ferguson, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1884, ambaye tadbiri yake moja imebadili kilimo cha dunia nzima. Kabla yake jembe lilikokotwa nyuma ya trekta kwa mnyororo au kwa pini; jembe likinasa katika kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kupanda, trekta likainua pua na kumpindukia dereva. Ferguson alilifunga jembe kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, inayoendeshwa kwa haidroliki, hata uzito wa jembe na ukinzani wa udongo ukawa unayakandamiza magurudumu ya nyuma badala ya kuyainua yale ya mbele. Kwa hila hiyo trekta jepesi liliweza kulima kama zito. Trekta lake la rangi ya kijivu, TE20, lilitengenezwa tangu 1946 hata 1956, zaidi ya 500,000 kwa idadi. Na matrekta ya namna hiyo, yaliyofungwa minyororo ya kukanyagia theluji, ndiyo yaliyomfikisha Edmund Hillary na wenzake kwenye Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Mikono ile mitatu ndiyo inayoning'iniza majembe ya sahani katika mashamba ya Iramba hivi leo.

Yafaa hapa tulitazame jambo lililotukia si mbali sana na Singida, maana hakuna hadithi ya matrekta katika Afrika Mashariki yenye mafunzo mengi kuliko hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko Kongwa mradi wa karanga uliokusudia kufyeka na kulima mamilioni ya ekari za Tanganyika, ili Waingereza, waliokuwa na dhiki ya mafuta ya kula baada ya vita, wapate mafuta hayo katika nchi waliyoitawala. Fedha zilikuwapo, ari ilikuwapo, na amri zilitoka kwa haraka. Ila matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika, mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, mengi yakiwa yamechoka kabla ya kuukabili mbuyu wa kwanza. Vifaru vya Sherman navyo vikageuzwa kuwa matrekta huko Uingereza na kampuni ya Vickers, vikapewa jina la Shervick. Udongo wa Kongwa ukayala majembe, ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na mafundi wa kuyafungua na kuyafunga matrekta hayo hawakuwa wamefunzwa kwa kadiri ya haja. Mradi uliachwa Januari 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Watu wengi husimulia habari hii kuonyesha ubatili wa kilimo kikubwa, au ujinga wa mgeni juu ya mvua na udongo, na yote mawili ni kweli. Lakini mimi naona pia ithibati ya jambo la tatu, nalo ni kwamba mashine iliyotangulia fundi wake imetangulia bure. Jambo hilo hilo lilijirudia kwa sura nyingine miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na matrekta ya vijiji yakalala kwa kukosa pampu au beringi, ilhali Kibaha yalikuwa yakiunganishwa matrekta mapya ya Valmet kutoka Finland.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Trekta lililokaa miaka mingi chini ya mwembe huwa na injini iliyokwama, kwa sababu ringi za pistoni zimeshikana kwa kutu na kuta za silinda. Kosa la mwenye pupa ni kulifunga kamba kwa trekta jingine na kulivuta kwa nguvu. Konrodi hupinda, na gharama iliyokuwa ndogo huwa kubwa. Fundi mwenye saburi hung'oa nozeli, akatia katika kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, akaacha siku kadhaa. Kisha hutia gia ya juu na kulisukuma trekta mbele na nyuma taratibu, hata atakapohisi injini imeanza kuzunguka. Oili ya zamani humwagwa kabla ya lolote jingine, na kutazamwa kwa makini, maana oili iliyogeuka nyeupe inasema kuwa maji yameingia, ama kwa gasketi ya silinda hedi ama kwa ufa. Katika Massey Ferguson 135 oili ya gia boksi ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, basi maji yakipenya huko kwa mpira wa gia uliochanika, mikono ya jembe nayo huugua.

Baada ya hapo huja tangi la dizeli, ambalo lazima lioshwe mpaka kutu na tope viishe, na filta mpya zitiwe. Kisha hutolewa hewa. Injini ya dizeli haivumilii hewa katika mafuta yake, na wanaoanza wengi wamehukumu pampu kuwa imekufa, wakaipeleka mjini kwa gharama, ilhali kilichozuia ni povu dogo tu. Skrubu iliyo juu ya filta hulegezwa, wenzo wa pampu ndogo ukabonyezwa kwa kidole hata povu likome na mafuta matupu yatoke. Halafu skrubu za pampu kubwa. Halafu nati za nozeli, stata ikizungushwa. Injini ikiwaka, moshi wake ndio daktari: mweusi husema mafuta ni mengi au njia ya hewa imeziba, wa buluu husema oili inaungua kwa sababu ringi au slivu zimekwisha, na mweupe usiokoma injini ikiisha kupata moto husema dizeli haiungui sawasawa au maji yamo ndani. Slivu hizo hung'olewa na kubadilishwa, na hii ni rehema kubwa, kwani injini iliyokula miaka 50 yaweza kurudishiwa vipimo vyake vya kwanza.

Niongeze neno juu ya vumbi, kwa kuwa ndilo adui wa mashine zote za Singida. Massey Ferguson 135 husafisha hewa yake kwa bakuli la oili: hewa hupita juu ya oili na kuacha vumbi humo. Bakuli hilo halidai kununuliwa filta mpya, linadai kufunguliwa tu, tope limwagwe na oili safi itiwe; na anayelisahau msimu mmoja wa kiangazi amezisaga slivu zake kwa mkono wake mwenyewe.

Wapenzi wa matrekta wa ng'ambo hujadiliana sana kama kila boliti iwe ya asili. Rai yangu ni kwamba kipuri kilichokerezwa na fundi wetu, kikiwa na kipimo cha haki, kina heshima sawa na kilichotoka Coventry. Lakini kiungo cha asili kisikatwe wala kisitupwe, bali kihifadhiwe, na namba iliyo kwenye bamba la trekta iandikwe daftarini pamoja na kila kilichobadilishwa na tarehe yake. Rangi iwe ya mwisho. Aidha, hadhari tatu hazina mjadala: matrekta haya hayana fremu ya kumkinga dereva yakipinduka, kwa hiyo mtoto asipandishwe juu ya madigadi; mhimili wa nyuma unaozungusha mashine ya kupukuchulia usikaribiwe na mwenye shuka au kanga inayopepea, na mtu asiingie chini ya jembe lililoinuliwa kwa haidroliki pasipo gogo la kulishikilia.

Asiye na uwezo wa kununua trekta zima, hata bovu, na aanze na pawatila. Zilikuja kwa wingi baada ya wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, na baadhi zimelala kwa sababu ziliumbwa kwa majaruba ya mpunga, si kwa udongo mkavu wa nyanda za juu. Hata hivyo injini yake ya silinda moja, inayowashwa kwa hendeli na kupozwa kwa maji ya tangi lililo wazi juu yake, ndiyo madrasa bora kwa kijana: sehemu ni chache, kila moja huonekana, na ikiisha kuhuishwa huvuta tela, husukuma maji ya bustani ya vitunguu na kukoboa nafaka. Huyo kweli ndiye ndugu wa trekta la bustani la Wamarekani.

Laiti mapenzi haya yangepata uwanja wake. Mashindano ya dunia ya kulima, yaliyoanza Kanada mwaka 1953, yalifanyika jirani yetu Kenya, katika Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2017. Na nchi kadhaa huwatengea wenye matrekta makongwe daraja lao wenyewe. Mikoa ya Singida na Dodoma hukutana kila Agosti katika viwanja vya Nzuguni kwa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, ambako matrekta mapya husimama yakimetameta mbele ya wakulima wasioweza kuyanunua. Pawekwe pembeni kipande cha ardhi kilichomwagiliwa, yaitwe matrekta yaliyoundwa kabla ya mwaka 1980, yafike na mafundi walioyafufua, na waamuzi wapime yale yanayopimwa kote duniani: mfuo ulionyooka, kina kisichobadilika kutoka mwanzo hata mwisho wa shamba, na majani yaliyofukiwa yote bila kubaki hata shina moja juu.